Kete Nne Zimefika Nyumbani

Baba watoto alisema maneno yale akiwa mlangoni, mguu mmoja nje, lori likimngoja barabarani. Kwa hiyo mpaka leo sijui kama alikuwa ameyafikiria au yalimtoka tu. Alisema mtoto akirudishwa darasa, heri akarudie Bungoma kwa nyanya yake, kule angalau kuna mtu wa kukaa naye mchana. Kisha akapanda, wakaenda. Alikuwa utingo wa lori la mahindi, wakipakia mahali paitwapo Kwanza na kushusha Webuye, na nyumbani tulimwona Jumamosi jioni mpaka Jumapili.

Lazima nimtendee haki. Hakuwa mtu mkali, na alichosema kilikuwa na sababu. Binti yetu alikuwa amelelewa Bungoma kweli. Nilipomfuata mume Kitale tulipanga chumba kimoja mtaa wa Matisi, na mimi nilikuwa nakaanga mandazi kabla ya kupambazuka na kuyauza mpaka saa nne. Nani angemshika mtoto? Mama mkwe alimchukua akiwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya, akamlea vizuri, pengine kuliko ambavyo ningeweza. Alirudi kwangu akiwa wa kuanza shule, mwaka uliofuata ule ambao masomo yalifanywa bure. Wiki za kwanza alikuwa akiamka usiku anaita "kukhu," yaani nyanya kwa lugha yetu. Alikuwa akiniangalia kama mtu aliyekuja kununua kitu. Ilichukua muda mrefu kabla hajaniita mama bila kufikiria.

Ndiyo sababu niliogopa. Nilijua akienda mara ya pili hatarudi akiwa wangu. Sikumwambia mtu. Niliendelea kukanda unga, nikimwangalia akivaa sare yake.

Mwalimu wake alikuwa mama mmoja mrefu mpole, mtu wa huko miteremko ya Mlima Elgon. Mimi niliachia darasa la sita, na mpaka leo nikiingia ofisi ya shule mikono yangu hutafuta pa kujificha. Aliniita, akaniweka kwenye kiti, akasema kusoma mtoto anasoma na mwandiko wake ni mzuri, lakini hesabu hafanyi. Si kwamba anakosea. Ananyamaza. Akisimamisha watoto mbele na kumuuliza wako wangapi, anaangalia chini. Akimwonyesha picha ya kuku kitabuni, anaangalia chini. Siku hizi hata ile kujumlisha kwa vijiti anaifanya kwa woga, kama anaiba. Alisema bila kunificha kwamba amejaribu upole, na amejaribu kiboko kidogo. Sijui niandike nini kuhusu kiboko. Miaka ile tulikuwa tumeambiwa watoto hawachapwi tena, lakini walichapwa, na hata mimi nilichapa. Darasa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, watoto wamebanana kwenye madawati, na yeye alikuwa peke yake.

"Mama," akaniambia, "mtihani wa mwisho wa muhula ndio utasema. Akinyamaza tena, sina la kufanya, atarudia la pili."

Nilitoka hapo sioni njia.

Aliyenipa moyo kwanza ni jirani yangu, mama mwenye duka, ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba Trans-Nzoia. Nilimweleza yote nikinunua mafuta ya kupikia. Akacheka, si kwa ubaya.

"Wee mama, huyo mtoto si mjinga. Si huwa anacheza ludo hapa na huyu wangu? Anawamaliza, bana. Mpaka wangu analia ati ameibiwa."

Sikumwamini. Nilidhani ananipoza. Lakini jioni nilienda nikasimama kando ya duka, mahali hawangeniona, na nikaona. Walikuwa wamekaa juu ya kreti za soda, ubao umekunjuka katikati yao, na binti yangu alikuwa anarusha dadu na kusogeza kete bila kugusa visanduku kimoja kimoja. Alikuwa anaangalia tu na kuiweka mahali pake. Mwenzake alikuwa anahesabu kwa kidole, tena anakosea, na wangu alikuwa anamrekebisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kidogo na hofu zaidi. Kama anajua, kwa nini ananyamaza shuleni? Nilifikiria mambo mabaya. Nilifikiria labda kuna mtu amemtupia kitu. Nilimfikiria hata mwalimu, Mungu anisamehe, ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Niliamua nitengeneze ubao wetu wenyewe ili acheze mbele yangu, labda nitaona mahali panapomkwamisha. Nilipasua katoni ya mafuta, nikailalia usiku kucha iwe bapa, nikapiga mistari na biro. Upande mmoja nikachora ludo, upande mwingine nyoka na ngazi. Dadu nilizikata kutoka kwa soli ya malapa yaliyokatika, nikatoboa vidoti kwa msumari uliowekwa kwenye jiko. Kete zilikuwa vifuniko vya soda. Nilijivunia nyoka wangu, nilimpa macho makubwa. Lakini namba nilizikosea. Nilipomaliza mstari wa chini nilianza tena kushoto kila mara, badala ya kupanda na kurudi kama nyoka anavyotambaa. Sikujua kama kuna utaratibu. Binti yangu alisogeza kete mpaka mwisho wa mstari, akasimama, akaniangalia.

"Mama, hapa mtu ataruka aje mpaka kule? Kumi iko huku, kumi na moja imetoroka."

Tulizikata zile namba tukaandika upya, yeye akinitajia namba, mimi nikiandika. Mtoto ambaye hafanyi hesabu alinitajia mpaka mia moja na hakuruka hata moja. Nikaweka dadu mbili badala ya moja. Akawa anazijumlisha kabla hazijatulia. Alipomezwa na nyoka alikuwa anajua amepoteza visanduku vingapi, na alikuwa ananiambia kwa hasira. Nilianza kulala. Nilijiambia, huyu atafaulu, na baba yake atakula maneno yake.

Halafu ikaja jioni ya ludo.

Binti wa jirani alikuwa amekuja kwetu kwa sababu ya mvua. Kitoto chetu cha mwisho, mdogo wake binti yangu, kilikuwa kimelala kitandani, na mimi nilikuwa nachambua maharage hapo hapo, maana chumba kilikuwa kimoja. Katika ludo kila mchezaji ana kete nne, na hamalizi mpaka zote nne ziingie nyumbani kwake katikati ya ubao. Huyo msichana wa jirani alikuwa na maneno mengi. Akaanza kuzipa kete za binti yangu majina. Hii ni baba yako anarudi na lori. Hii ni mama yako na ndoo ya mandazi. Hii ni wewe. Hii ndogo iliyopondeka ni mtoto. Wakacheka. Wakaanza kuwahangaisha: baba amerudishwa Webuye, mama amekwama kwa matope. Hata mimi nilicheka. Kete zikaingia moja moja, mpaka ile iliyopondeka ikapata namba yake na ikaingia.

"Haya, wamefika wangapi?" mwenzake akauliza.

"Wanne!" binti yangu akasema kwa sauti, na mikono juu.

Halafu akajiziba mdomo. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukibadilika hivyo. Aliniangalia, kisha akageuka akaangalia kitandani, na akauvuruga ule mchezo wote kwa kiganja.

Hapo ndipo nilielewa.

Kule Bungoma alikolelewa watoto hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi, wala kuku. Mgeni akikuuliza una watoto wangapi, unamjibu "wapo, tunashukuru," na yeye hasongi mbele. Kuku wakirudi jioni, mama mkwe husimama na kuuliza nani hajafika, kisha huwataja kwa rangi zao. Kukinyooshea kidole kitu chenye uhai na kukitajia namba ni kukionyesha kwa kile kinachokitafuta. Mimi nilizaliwa Webuye na nililelewa hivyo hivyo, na sikuwahi kufikiri jambo hili linaweza kuingia darasani. Kumbe kila siku mwalimu alikuwa anasimamisha watoto mbele na kumwambia mtoto wangu afanye, kwa sauti, mbele ya wote, kitu alichoambiwa kinaua. Na jambo lenyewe halizungumzwi, kwa hiyo hakumwambia mtu.

Nilimwambia ni mchezo tu. Nilimwambia hivyo, lakini usiku nilinyoosha mkono gizani na kuwagusa wote, na sikujiambia ni wangapi.

Baada ya siku chache kitoto kikawa moto.

Najua. Ulikuwa msimu wa mvua, mtaro nyuma ya nyumba ulikuwa umejaa maji, na mbu walikuwa wakiimba kuanzia saa kumi na mbili. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Naandika haya nikijua. Lakini nilipokuwa nimembeba mgongoni kwenda hospitali, na joto lake likipita kwenye leso likiniunguza, sikuwa nafikiria mbu. Binti yangu alikuwa anatembea kando yangu na chupa ya maji. Tulikaa kwenye benchi, foleni ikiwa ndefu mbele yetu, ndipo akasema.

"Mama, ni mimi."

Nilimwambia si wewe. Nilisema, ni kweli nilisema. Lakini nilichelewa kidogo, na mtoto anajua kupima mtu mzima akichelewa.

Walisema ni malaria, wakatupa dawa. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Siku ile kitoto kilipoomba chai nililia juu ya sufuria. Lakini yule mkubwa hakurudia hali yake. Dadu hakuzigusa. Ubao aliutia nyuma ya kabati, upande wa nyoka ukitazama ukuta. Nilimtuma alete vitunguu vitatu akaniletea vyote kwenye karatasi ili asichague idadi. Mwalimu akaniletea habari kupitia kwa jirani kwamba sasa hata kujumlisha kwa vijiti ameacha. Mtihani ulikuwa wiki iliyofuata.

Ni wakati huo mama mkwe alipokuja kutoka Bungoma. Alikuwa amesikia mjukuu ni mgonjwa, na kwetu habari kama hiyo haijibiwi kwa salamu. Alifika na kuku kwapani na maharage mapya kwenye kikapu. Nilimpokea vizuri, naamini nilimpokea vizuri. Lakini moyoni nilikuwa nahesabu hatari. Ataambiwa mtoto amekwama shule. Atasema, basi nimchukue. Au ataona ubao na kujua tumehesabu watu ndani ya nyumba ya mwanawe, na mtoto akaugua. Sikujua ni lipi baya zaidi. Wakati nammwagia maji mikononi, binti yangu alienda mwenyewe nyuma ya kabati, akautoa ule ubao na vifuniko, akauweka miguuni pa nyanya yake.

"Kukhu, nilihesabu watu."

Nilisimama na birika mkononi.

Mama mkwe aliinama. Aliinua kifuniko kimoja, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba."

"Baba yako ana kutu hivi?"

Mtoto alitaka kucheka, akajizuia. "Ni kifuniko, kukhu. Lakini tulisema ni watu."

"Ndio. Mlisema." Akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, na alipoanza kuongea nadhani alikuwa anaongea na mimi kuliko mtoto, ingawa hakuniangalia. "Mimi nilihesabu wangu mara moja. Nilikuwa mke mchanga mwenye maringo. Mgeni aliniuliza, nikamwambia wako saba. Baadaye wakabaki watano. Si namba iliwaua. Ni surua, iliingia kijiji chote, hata kwa wale hawajahesabu. Lakini ile saba iko hapa." Akashika sikio. "Haijatoka. Nikigawa chakula naisikia. Ndiyo maana nilikukataza, usije ukabaki na namba kubwa kuliko watu."

Nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile miaka yote hiyo na sikuwa nimejua kuhusu wale wawili. Baba watoto hakuwahi kuwataja. Labda hata yeye hajui.

Mtoto akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Sasa mwalimu akiuliza?"

Mama mkwe akavuta kikapu, akachota maharage. "Unafikiri mimi najua aje kama kila mtoto amekula? Fanya hivi. Mtu akipita, weka punje. Ng'ombe akipita, weka punje. Wao waache waende zao, usiwaangalie. Halafu hesabu punje. Hesabu kwa nguvu hata mwalimu asikie. Punje haina mama wa kuililia."

Binti yangu alimpima kwa macho, kama anavyopima dadu ya mtu anayeshukiwa. Kisha akasukuma vifuniko kando na kuweka maharage kwenye ubao mahali pake. Walicheza. Mama mkwe hakujua sheria na hakutaka kufundishwa, alikuwa akisogeza mahali anapopenda, na mjukuu wake alikuwa akimrudisha nyuma: "Kukhu, umepata tano, hiyo ni saba. Rudi." Mtoto alipojisikia amesema saba, aligutuka. Nyanya yake akasema tu, "Haya, narudi," akasogeza punje.

Bado nilikuwa na hofu moja. Mtihani wa darasa la pili una hesabu za maneno: mzee ana ng'ombe, mama ana watoto, kuku wametoroka. Mwalimu ataruhusu maharage? Nilienda kumwona, mikono ikitafuta pa kujificha. Nilimweleza vibaya, nikianza mwisho na kurudi mwanzo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaangalia dirishani.

"Hata kwetu mlimani ng'ombe hawanyooshewi kidole," akasema. "Baba yangu angenifukuza. Na mimi kila asubuhi nawasimamisha watoto wa watu mbele na kuwahesabu kama magunia." Kisha akasema aje nayo hayo maharage, si wengine wana vifuniko na vijiti, hakuna tofauti. Sitaki kusema alijuta, kwa sababu sikuingia moyoni mwake. Najua tu kwamba hakuniharakisha kuondoka.

Siku ya mtihani nilitia maharage kwenye mfuko wa sare na kuushona juu nusu, yasimwagike. Mandazi yaliungua mawili matatu. Jirani aliniuliza kitu nikamjibu kingine. Binti yangu alipotoka shule sikumuuliza, nilimwangalia mfuko. Ulikuwa umefumuka na maharage yalikuwa yamechafuka kwa kushikwa.

Hakuwa wa kwanza, wala wa katikati. Hesabu zake zilimpitisha kwa shida, kwa sababu alikuwa polepole, kila ng'ombe akimwekea punje. Lakini mwalimu aliandika anaenda la tatu. Jumamosi baba yake aliisoma ile karatasi akiwa hajavua viatu. Akasema, "Basi." Hakutaja Bungoma, na mimi sikumkumbusha. Baada ya kula aliuliza huo mchezo unachezwaje, akafungwa, akasema ati dadu za malapa zinapinda. Akacheza tena.

Desemba tulienda Bungoma kwa sikukuu, ubao na dadu ndani ya mfuko wa nguo. Nitakuwa mkweli, hata hapo niliogopa. Nyanya na mjukuu walipoonana walishikana muda mrefu, na nilifikiria, akiomba kubaki nitasema nini mbele ya watu? Boma lilikuwa limejaa wajukuu kutoka kila upande, wakikimbizana mpaka vumbi likasimama. Wakati wa chakula mama mkwe alimwita binti yangu jikoni, akampa bakuli na kopo la maharage makavu. Nilikuwa nasonga ugali, mgongo kwao. Nilimsikia mtoto akisimama mlangoni, na kila binamu aliyeingia kunawa mikono, punje ikalia kwenye bakuli. Ti. Ti. Walipoisha, akakaa chini akazihesabu, kwa sauti, bila kuangalia upande wa watoto. Nilikoroga kwa nguvu ili mwiko ugonge sufuria nisisikie mwisho wake. Akaenda akachukua sahani kadiri ya punje. Tukapakua. Hakuna mtoto aliyebaki na mikono mitupu, na hakuna sahani iliyobaki.

Mama mkwe aliangalia zile sahani, akaangalia watoto wakila. Mkono wake ulienda sikioni, ukarudi.

Tulipoaga, hakuomba abaki naye. Aliomba ubao. Binti yangu akamwachia, pamoja na dadu moja, ile nyingine akaiweka mfukoni. Tukarudi Kitale, wote tuliotoka.